SOMO: Pima mwenyewe kama njia yako ya kuhifadhi mahindi inafanya kazi (nusu gunia, miezi sita)

Wakuu, habari zenu. Kila mavuno ubishi ni uleule. Huyu anasema majivu yanatosha, yule anasema bila sumu umekwisha, mwingine kanunua mifuko isiyopitisha hewa na anaapa harudi nyuma. Ukiwauliza wamejuaje, wote wana jibu moja: "Mwaka jana niliweka, hayakuliwa." Sawa. Na kama usingeweka kitu, yangeliwa? Hapo ndipo watu hukaa kimya.

Somo hili ni la kupata jibu hilo kwako, kwenye ghala lako, kwa mahindi yako. Halihitaji maabara. Linahitaji mizani ya jikoni, daftari na uvumilivu, na hicho cha tatu ndicho adimu.

Kwanza mjue mnapambana na nani. Fukusi tunaye tangu zamani. Dumuzi ni mgeni: kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati, na huku kwetu alianza kutambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wengine walimpa jina la Scania, lile lori. Wazee walikuwa wakiweka mahindi na magunzi yake kwenye kihenge, na kwa fukusi mambo yalikwenda. Dumuzi akakuta hindi limeshikana kwenye gunzi, akapata pa kujikita na kutoboa vizuri, akageuza kihenge kizima kuwa unga. Utafiti uliofanyika wakati ule ndio uliotuletea ushauri tunaousikia hadi leo: pukuchua kwanza, kisha changanya na sumu ya unga yenye viambato viwili. Ni viwili kwa sababu pirimifosi-methili inamweza fukusi lakini haimtoshi dumuzi, na permethrini inamweza dumuzi. Ukinunua yenye kimoja tu umenunua nusu ya kinga.

HATUA YA 1: Ukavu

Usianze jaribio na mahindi mabichi. Utakuwa unapima ukungu, si wadudu, na ukungu wenyewe si jambo la mchezo: mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya sumukuvu (sumu ya ukungu) iliwaugulisha watu 317 na kuua 125, na mwaka 2016 sisi wenyewe tulizika watu Dodoma na Manyara.

Kipimo cha chumvi kinatosha kuanzia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, jaza mahindi hadi theluthi, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya hapo. Ila chupa haiwezi kukutofautishia 15 na 13, na kiwango cha mahindi ya biashara hapa Afrika Mashariki ni 13.5. Kwa hiyo mimi chumvi ikishakubali, naanika tena siku mbili za jua kali. Juu ya turubai, tafadhali, si chini kwenye udongo.

HATUA YA 2: Changanya, kisha gawa

Pepeta, mwaga kilo kama 53 juu ya turubai, geuza kwa koleo mara kadhaa. Hatua hii watu huiruka. Wanachota majivu kwa mahindi ya shamba la juu na sumu kwa mahindi ya bondeni, halafu wanasema sumu ndiyo iliyoshinda. Mahindi huingia nyumbani na mayai ya fukusi tayari ndani ya punje, tangu shambani, na kila shamba lina mzigo wake. Usipochanganya, umepima mashamba.

Kisha gawa mafungu 15 ya kilo 3.5.

HATUA YA 3: Makundi manne

Kundi A ni shahidi. Mafungu matatu, mifuko ya kawaida, hakuna kitu ndani. Najua inauma kuacha chakula kiliwe huku unatazama. Lakini ni kilo kumi na nusu tu, na bila hizo jaribio zima ni hadithi. Kesi haiendi bila shahidi.

Kundi B ni sumu ya unga. Mafungu matatu. Fuata kibandiko, zile zilizozoeleka ni gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Mizani ya jikoni haiwezi kupima gramu 3 na nusu kwa uhakika, kwa hiyo changanya mafungu yote matatu pamoja kwa gramu 10 hadi 11, kisha uyagawe upya. Barakoa na glovu.

Kundi C ni kunyima hewa. Mafungu SITA (nitaeleza kwa nini). Tumia madumu ya lita 5 yaliyooshwa na kukauka. Moja linabeba kama kilo 3 na nusu. Jaza hadi shingoni, gonga chini yashuke, ongeza, funga, na mfuniko uuzungushie nailoni.

Kundi D ni mazoea ya nyumbani kwako: majivu, pilipili, mwarobaini, chochote mnachoapia. Mafungu matatu. Sharti moja: pima kwa gramu na uandike. "Viganja viwili" si kipimo, viganja vya babu na vya mjukuu ni tofauti.

HATUA YA 4: Kura

Kabla ya kuweka dawa yoyote, kila fungu lipe namba, 1 hadi 15. Namba ipi iende kundi gani, iamuliwe kwa vikaratasi kwenye kofia. Na mahali pa kukaa ghalani pia kwa kura, kwa sababu pembe moja ina joto la bati na nyingine ina panya. Weka juu ya mbao, kila fungu hatua moja mbali na jingine.

Juu ya mfuko andika namba tu, usiandike "majivu" wala "sumu". Orodha ya namba ipi ni nini mpe mtu mwingine aitunze. Kwangu ni mke wangu, na alikataa katakata kunionyesha mpaka siku ya mwisho. Alifanya vizuri, maana jicho la mtu hutafuta tundu pale anapotaka lipatikane.

HATUA YA 5: Subiri, na usifungue madumu!

Hapa niseme kosa langu. Mwaka wa kwanza nilikuwa na madumu matatu tu ya kundi C, na kila baada ya wiki mbili nilikuwa nafungua, nachota, natazama, nawaonyesha majirani, nafunga. Mwezi wa nne mahindi yakawa na matobo, nikatangaza kijiji kizima kwamba mambo ya kunyima hewa ni utapeli. Aibu yangu hiyo.

Nilikuwa nawapa wadudu pumzi. Dumu likifungwa, wadudu wenyewe ndio wanaomaliza oksijeni, ikishuka sana wanaacha kula. Na cha ajabu ni namna wanavyokufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kundi la Larry Murdock lililobuni mifuko ya PICS (ile isiyopitisha hewa) kwa ajili ya kunde za Kameruni, walionyesha mwaka 2012 kwamba wadudu wa kunde hawafi kwa kukosa pumzi tu. Mdudu wa nafaka kavu hana mahali pa kunywa. Maji yake anayatengeneza mwilini kwa kuunguza wanga, na kuunguza kunahitaji oksijeni. Hewa ikiisha, maji yanaisha. Wanakufa kwa kiu. Sasa mimi kila wiki mbili nilikuwa nawafungulia bomba.

Ndiyo maana C ina mafungu sita: matatu ya kufunguliwa mwezi wa 3, matatu ya kufunguliwa mwezi wa 6. Likishafunguliwa limetoka kwenye jaribio, peleka mashine mle ugali. A, B na D unaweza kuchota mara mbili kutoka mfuko uleule.

HATUA YA 6: Kuhesabu

Mwaga fungu lote kwenye sinia, changanya, ligawe robo nne kwa ubao, chukua robo mbili zinazotazamana, changanya, gawa tena, mpaka ubaki na kiasi cha kikombe. Hesabu punje 500 bila kuchagua. Tenga nzima na zilizotobolewa. Pima kila upande.

Mfano: punje 400 nzima zina gramu 140, punje 100 zilizotobolewa zina gramu 25. Punje nzima moja ni gramu 0.35, kwa hiyo 500 zote zingekuwa nzima ungepata gramu 175. Umepata 165. Umepoteza gramu 10 kati ya 175, yaani asilimia 5.7.

Angalieni hapo: punje zilizotobolewa ni asilimia 20, uzito uliopotea hata 6 haufiki. Namba zote mbili ni za kweli, ila zinajibu maswali tofauti. Ya uzito ni ya chakula cha nyumbani. Ya matobo ni ya sokoni, kwa sababu mnunuzi hapimi wanga uliopotea, anaangalia matobo.

Tahadhari kwa wenye dumuzi: punje iliyosagwa yote haipo tena ya kuhesabiwa, hivyo hesabu hii itakupunguzia hasara. Chekecha unga ulioko chini ya mfuko, upime peke yake na uandike.

HATUA YA 7: Kusoma majibu

Andika asilimia ya uzito uliopotea ya kila fungu mbele ya namba yake, kisha ndipo uombe orodha na upange majibu matatu ya kila kundi kwenye mstari mmoja. Kama A ni 9, 12, 10 na B ni 1, 2, 1, huhitaji mtu wa takwimu. Kama A ni 4, 11, 6 na D ni 3, 9, 5, usishangilie: zimeingiliana, D haijakuonyesha kitu. Na kama hata A ni 1, 1, 2, basi mwaka huo wadudu hawakuja na jaribio halijasema lolote kuhusu dawa yoyote. Rudia msimu ujao.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kibaigwa: Mkuu, majivu wewe yalikupa nini? Bibi yangu alitumia miaka yote.

Jibu: Kwangu yalisaidia dhidi ya fukusi pale nilipoweka mengi, mengi kweli, mpaka kuyapepeta ikawa kazi. Dumuzi hakujali sana. Vumbi laini linamkwangua mdudu ule utando wa nta unaomzuia kukauka, pia linaziba nafasi kati ya punje asipite. Ni kiu ileile kwa njia nyingine. Kuna udongo mweupe wa diatomaiti, kama ule unaochimbwa Kariandusi kule Gilgil, Kenya, unafanya kazi hiyo kwa ukali zaidi. Bibi yako pengine hakuwa na dumuzi, tazama alikuwa mwaka gani.

Mwanachama wa Mbozi: Nina nafasi ndogo, siwezi kuweka fungu mojamoja badala ya matatu?

Jibu: Unaweza, lakini mfuko mmoja ukitobolewa na panya utajuaje? Bora upunguze makundi: shahidi na njia moja tu, matatu kwa matatu.

Mwanachama wa Kitale: Sisi huku huyo dumuzi tunamwita Osama. Dawa ya unga imekuwa haimshiki, naongeza mara mbili. Kuna shida?

Jibu: Ipo ndugu yangu, mahindi hayo mnakula. Kabla ya kuongeza, kagua mambo matatu: tarehe ya kwisha muda, kama ni yenye viambato viwili, na kama ulipukuchua na kuchanganya sawasawa au ulinyunyizia juu ya gunia. Mara nyingi tatizo liko hapo. Nawe unaweza kuifanyia jaribio: kopo la duka hili dhidi ya kopo la duka lile, na shahidi katikati.

Mama wa Babati: Na vile vidonge vya gesi vya kutumbukiza kwenye gunia? Jirani anaweka na magunia yako chumbani wanakolala watoto.

Jibu: Mama, nenda leo mwambie ayatoe. Hiyo ni gesi ya fosfini, inatoka kwenye kidonge kikikutana na unyevu wa hewani na inaua watu usingizini. Ni ya watu waliofunzwa, kwenye maghala yaliyofunikwa, hakuna anayelala ndani. Sikuiweka kwenye somo makusudi na sitaiweka.

Mwanachama wa Kilosa: Dumuzi si anaweza kutoboa hata nailoni?

Jibu: Anaweza, hasa ile ya ndani kwenye mifuko ya PICS. Ndiyo maana ina nailoni mbili ndani ya kiroba. Usiweke mahindi yenye vipande vya magunzi vinavyochoma, na kabla ya kurudia kutumia mfuko, jaza hewa kama puto uusikilize. Tundu dogo utepe unaliziba. Madumu magumu ya jaribio letu hayana shida hiyo, kwa hiyo matokeo yako ya C yatakuwa mazuri kidogo kuliko ya mifuko. Liandike hilo daftarini.

Mwanachama wa Pangani: Somo zuri, ila huku pwani chumvi yenyewe imelowa kabla hata haijaingia kwenye chupa.

Jibu: Hahaa, kweli kabisa. Ikaange kwenye sufuria kavu, geuza mpaka iache kushikana, iache ipoe ndani ya chombo chenye mfuniko, kisha itikise kwanza peke yake kwenye chupa tupu. Ikiganda hapo, chupa au chumvi bado ina maji, usiyasingizie mahindi.