Kwenda Prague na besti wikendi: soma karatasi kabla ya kukata tiketi

Kabla hujamtumia rafiki yako picha za hoteli, mwombe akutumie picha ya kibali chake cha kuishi, mbele na nyuma, na wewe umtumie cha kwako. Najua inavyosikika. Mtu mmesoma naye, mmelia naye, mmecheka mpaka mbavu zikauma, leo unamdai vitambulisho kama askari wa getini. Mdai tu. Hapa Ujerumani marafiki wawili walioshuka ndege moja wanaweza kuwa na karatasi zisizofanana hata kidogo: mmoja keshapata uraia na pasipoti nyekundu, mwingine bado anasubiri Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, wamjibu barua pepe ya miezi iliyopita. Mji wa kwenda anauchagua yule mwenye karatasi dhaifu. Bei ya tiketi inafuata.

Mwenye kadi ya kibali ambayo haijaisha muda, na pasipoti ambayo haijaisha muda, hana maneno mengi. Nchi nyingine 28 za Schengen, zile zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ziko wazi kwake, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, bila kuomba visa nyingine. Beba zote mbili. Picha kwenye simu si kitu, na kopi iliyogongwa muhuri wa wakili si kitu. Nyumbani tumezoea kufungia pasipoti halisi kabatini na kutembea na kivuli chake, na tunazo sababu zetu, kila mtu anajua inavyosumbua kuipata nyingine. Lakini ukivuka mpaka, ile ya kabatini haikusaidii.

Jambo jingine la haraka: Umoja wa Ulaya na Schengen ni vitu viwili. Dublin iko ndani ya Umoja wa Ulaya, ila Ireland haimo Schengen, kwa hiyo kadi yako ya Ujerumani haikuingizi kule. Zurich iko nje ya Umoja, ila Uswisi imo Schengen, unaingia. London ndiyo kabisa, bila visa usijisumbue. Tovuti ya kuuza tiketi haiulizi una karatasi gani. Itakuuzia, itakuambia ahsante, na mlangoni utarudishwa bila hata nauli yako. Tiketi ya bei ya kutupa inayopitia London kwenda Lisbon nayo iache ipite.

Sasa tuje kwenye lililonifanya niandike.

Kadi inakaribia kuisha. Umeomba kuongezewa muda mapema kama mtu mwenye adabu zake. Termin, siku ya miadi, imetoka ya mbali, na hapo katikati unapewa Fiktionsbescheinigung, ile karatasi ya kukunja inayoonyesha kwamba upo kihalali wakati ombi lako linashughulikiwa. Mwajiri anaikubali. Benki inaikubali baada ya kuguna kidogo. Kila mtu anakwambia hongera, uko salama. Uko salama kweli, ukikaa ulipo.

Ifungue ukurasa wa tatu. Utakuta visanduku vitatu, na alama imewekwa kwenye kimojawapo. Cha kwanza, kinachotaja § 81 Abs. 3 Satz 1 ya sheria yao ya ukaaji, ni cha mtu aliyekuwepo nchini kihalali bila kibali cha kuishi akaomba kibali: anaruhusiwa kukaa, basi. Akitoka, karatasi hiyo haimrudishi. Cha pili ni cha aliyechelewa kuomba, yeye hafukuzwi kwanza mpaka waamue. Cha tatu, kinachotaja § 81 Abs. 4, ndicho kinachosema kibali chako cha zamani kinaendelea kufanya kazi mpaka ombi liamuliwe. Hicho cha tatu, pamoja na ile kadi ya zamani iliyokwisha muda, pamoja na pasipoti, ndivyo vinavyokuruhusu kutoka Ujerumani na kurudi. Vyote vitatu kwa pamoja. Ofisini wakitaka kuichukua kadi ya zamani, waombe kwa heshima wakuachie mpaka mpya itoke.

Siku niliyoomba mimi, kadi yangu ilikuwa hai. Kisheria kisanduku changu kilikuwa cha tatu. Karani aliyenihudumia, mtu mpole kabisa, tukazungumza hadi habari za mvua, akaweka alama kwenye cha kwanza, akagonga muhuri, tukaagana vizuri.

Kwenda Prague hakuna aliyetuuliza kitu, na hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika: wakishapita kwenda, wanajua na kurudi ni hivyo hivyo. Kurudi ilikuwa Jumapili jioni. Treni ikafuata mto Elbe, ikapita Děčín, ikasimama Bad Schandau, tayari upande wa Ujerumani, wakapanda polisi wa shirikisho. Besti akatoa pasipoti yake nyekundu; ilitazamwa picha ikarudishwa. Yangu ndiyo ikawa kazi. Askari kijana aliikunjua karatasi juu ya kile kimeza cha dirishani, akasogeza kikombe changu cha kahawa pembeni, akailainisha mikunjo kwa kiganja, kisha akashuka na kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye kisanduku cha kwanza. Kidole kikabaki pale. “Umetoka Ujerumani na hii?” Treni iliondoka bila sisi, wote wawili, maana besti alikataa katakata kuniacha. Mungu amlipe.

Kilichoniokoa ni rejista kuu ya wageni, AZR, ambayo polisi nao wanaisoma. Humo ilionekana kwamba ombi langu liliingia kabla kadi haijaisha, na kadi yenyewe ilikuwa mkobani. Tukakaa kwenye benchi mpaka usiku ukaingia, simu zikapigwa, wakaniachia. Tarehe ile ingekosewa na yenyewe, mazungumzo yangekuwa ya kuingia nchini kinyume cha sheria, na hapa hilo ni kosa la jinai. Ofisini walirekebisha alama kwa muda mfupi kuliko ule wa kunitafutia kalamu, bila hata neno la pole.

Kwa hiyo narudia, na nitarudia tena. Ukurasa wa tatu. Usome ukiwa bado umesimama mbele ya karani, kabla hujasema ahsante. Kama Kijerumani chako ni cha sokoni, weka kidole kwenye kisanduku na uulize: naweza kutoka nchini na kurudi kwa hii? Asikwambie “nadhani”. Akisema ndiyo, mwombe akuonyeshe ni mstari gani unaosema hivyo. Hatakuchukia. Watu hawa wanaheshimu swali lenye kidole kwenye maandishi kuliko maelezo marefu ya maisha yako.

Na hata kama kisanduku ni sahihi, ushauri wangu kwa mwenye karatasi ya kusubiri ni kwamba wikendi hii muifanyie ndani ya Ujerumani. Hamburg kuna bandari na maji, Köln kuna kanisa kuu la kutazama mpaka shingo ikaume, Dresden kuna Elbe ile ile bila mpaka. Kwa ndege ndiyo usijaribu kabisa. Mfanyakazi wa kaunta kule Barcelona au Milan huenda hajawahi kuiona Fiktionsbescheinigung maishani mwake, imeandikwa lugha asiyoisoma, na kwake kukukatalia ni kazi nyepesi kuliko kupiga simu. Utabaki kule na besti wako ameshapanda. Karatasi ya kusubiri ni ya kusubiria.

Wapo watakaoniambia ndani ya Schengen hakuna ukaguzi. Hiyo ni hadithi ya zamani. Ujerumani ilirudisha ukaguzi upande wa Poland, Jamhuri ya Czech na Uswisi mwezi Oktoba 2023, na tangu tarehe 16 Septemba 2024 imeuweka kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na muda ukikaribia kuisha unaongezwa. Basi, treni, gari la kukodi, vyote vinasimamishwa. Usipange ukitegemea kwamba hamtaonwa.

Sisi hasa. Tusemezane ukweli: behewa limejaa, askari wanapita kiti baada ya kiti kimya, wanasimama penye ngozi nyeusi. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya utawala ya Koblenz ilieleza bayana kwamba kumkagua abiria wa treni kwa sababu ya rangi yake kunavunja marufuku ya ubaguzi iliyomo kwenye katiba, na polisi wakaomba radhi kwa kijana aliyewashtaki. Kwa hiyo unayo haki ya kuuliza, kwa sauti ya kawaida, kwa nini umechaguliwa wewe. Mimi huuliza. Ila huuliza baada ya kutoa karatasi sahihi, si kabla. Sheria ikikupa haki mwaka kesho, treni ya leo itakuwa imeshaondoka.

Nimekaa na Wajerumani muda wa kutosha sasa na nawaheshimu kwa mengi. Mjerumani akikuahidi kukusaidia kuhama nyumba, siku hiyo atakuwa mlangoni na glovu zake. Kinachonichosha ni hii imani yao kwa karatasi: karani akikosea, kosa linakuwa ndiyo ukweli mpaka itokee karatasi nyingine ya kulipinga, na anayeitafuta hiyo nyingine ni wewe. Mtu hasikilizwi, kinasikilizwa kibali chake. Jambo jingine, mkikata tiketi za treni angalieni msije mkauziwa viti vya behewa la utulivu, lile wanaloliita Ruhebereich. Marafiki wawili wa Kiswahili ambao hawajaonana muda mrefu hawawezi kukaa mle. Mtaanza kwa kunong'ona, mmoja atakumbushia kitu cha bwenini, na behewa zima litageuka kuwatazama.

Prague yenyewe haina shida. Tiketi za treni zikatwe mapema, nauli nafuu huisha haraka. Hoteli iwe karibu na kituo cha tramu au metro. Tiketi ya usafiri wa mjini ipigeni muhuri kwenye kimashine mara mnapopanda, maana wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na kauli ya “mimi mgeni” wameshaisikia. Fedha yao ni koruna, si euro. Mashine ya kutolea pesa ikikuuliza kama unataka kukatwa kwa euro, kataa, chagua koruna, vinginevyo wanakubadilishia kwa kiwango chao wenyewe. Vibanda vya kubadilisha fedha vya mjini kati ndivyo vya kuogopwa zaidi. Ukigundua umeonewa, sheria yao tangu 2019 inakuruhusu kurudi na risiti ndani ya saa 3 na kudai pesa zako, kwa hiyo risiti usiitupe.

Daraja la Charles, lile la mawe lililoanza kujengwa mwaka 1357, nendeni saa moja asubuhi mtalikuta lina nafasi. Saa tano mtasukumana na fimbo za kupigia selfi. Saa kubwa ya uwanja wa mji mkongwe, ya mwaka 1410, hutoa vijisanamu vyake kila inapotimia saa kamili. Ni kitu cha dakika moja, usimburute mtu arudi mara ya pili. Siku iliyobaki iacheni wazi. Mmesafiri ili mkae pamoja, msiigeuze kuwa ratiba ya ofisini.

Pesa zizungumzwe kabla. Wenyeji wetu Wajerumani hugawana bili mpaka senti ya mwisho pale pale mezani na urafiki wao unaendelea. Sisi tunasema “leo mimi, kesho wewe”, halafu mtu anakwenda na kinyongo miaka. Kwenye hili wenyeji wanatushinda. Wekeni fungu moja la wote kwa chakula na tramu, kila mmoja achange sawa, likiisha mchange tena.

Mwisho ni ninyi ndugu mnaokuja kututembelea, maana nanyi wikendi mnaitaka. Tunawapenda, lakini hii ya “si ni Ulaya moja?” inatutia presha. Mjomba, ukipata visa yako, usiishie kutazama picha na tarehe. Tazama palipoandikwa idadi ya kuingia. Pakiwa na 1, umeingia mara moja, na ukitoka Schengen hata kwa siku mbili za London, umetoka. Hakuna kurudi Frankfurt kupanda ndege yako ya kwenda nyumbani, hata kama siku za visa hazijaisha. Ya kutoka na kurudi imeandikwa MULT. Shangazi akitaka picha na Big Ben, visa ya Uingereza aiombe akiwa bado nyumbani, na hii ya huku aombe MULT pale pale anapojaza fomu, aambatanishe na maelezo ya safari yenyewe. Asisubiri kufika kwangu Alhamisi usiku ndipo aniambie besti wake anamngoja London Jumamosi.