Namna ya Kuwafundisha Wahudumu wa Afya Kukabili Dharura za Uzazi Wakiwa Kazini

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkunga mkuu, tabibu au afisa wa afya wa wilaya hapa Uganda aliyepewa kazi ya kuwanoa wenzake katika kukabili dharura za uzazi, na ambaye pengine hana ukumbi, hana projekta, wala hana fungu la posho. Kukosa vitu hivyo si hasara kubwa kama inavyodhaniwa. Nimehudhuria semina za hotelini, nikala vizuri na kurudi na cheti, kisha usiku wa kwanza wa zamu nikagundua kwamba mikono yangu haikujua pa kuanzia, kwa kuwa nilichofundishwa nilikisikia tu bila kukifanya, na hasa sikukifanya pamoja na watu ninaokesha nao. Kwa hiyo mafunzo ninayoyaeleza hapa hufanyika palepale leba, kwa vifaa vya kituo chenyewe, kwa muda mfupi, na hurudiwa mara nyingi.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba vifo vya kina mama vilishuka kutoka 336 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2016 hadi 189 mwaka 2022. Hiyo ni hatua kubwa, lakini wanaoendelea kufariki wanaondolewa na mambo yaleyale ya siku zote: kutokwa na damu nyingi, kifafa cha mimba na shinikizo la damu, maambukizi, uchungu pingamizi (mtoto kukwama njiani wakati wa uchungu), na mimba zinazoharibika. Kati ya hayo damu ndiyo yenye haraka kuliko yote. Ukiwa na wiki chache tu, anza nayo.

Anza na kabati

Kabla ya kumwita mtu yeyote darasani, jua kituo chako kinatakiwa kuweza nini. Kituo cha afya cha daraja la tatu, ambacho kwa mpango wa serikali huhudumia watu wapatao 20,000, kinatarajiwa kutoa huduma saba za msingi za dharura: dawa za kuua vijidudu kwa sindano, dawa za kukaza mfuko wa uzazi, dawa za kuzuia degedege, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, kusafisha mabaki ya mimba, kumsaidia mama kujifungua kwa kifaa cha kumvuta mtoto, na kumpumulisha kichanga asiyepumua. Daraja la nne huongeza upasuaji na kuongezewa damu. Usimfundishe mkunga wa daraja la tatu mambo ya chumba cha upasuaji kwa siku nzima ilhali hajawahi kushika mfuko wa kupumulishia.

Halafu lipime kabati lako. Simama katikati ya leba na saa mkononi, umwombe mkunga wa zamu akuletee oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), bomba la sindano, dripu, mpira wa mkojo na mfuko wa kupumulishia mtoto, nawe usimsaidie wala usimwelekeze. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, zoezi hili lilichukua dakika 17: oksitosini ilikuwa ndani ya friji iliyofungwa, ufunguo alikuwa nao mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa sokoni, mfuko wa kupumulishia ulipatikana ofisini ndani ya katoni, ungali katika nailoni yake, kwa sababu mkuu wa kituo aliogopa utaibwa. Hapakuwa na mtu asiyejua dawa ya damu ni ipi. Somo la kwanza la kituo kile likawa ni kuchonga funguo za ziada.

Baada ya kipimo hicho, tengenezeni trei mbili, moja ya damu na nyingine ya kifafa cha mimba, kila moja ikiwa na orodha iliyobandikwa kwenye kifuniko na sahihi ya anayeikagua kila zamu inapobadilika. Oksitosini haikai kwenye trei mchana kutwa. Inatakiwa iwe katika nyuzijoto 2 hadi 8, na ubaya wake ni kwamba ampuli iliyoharibiwa na joto haionyeshi dalili yoyote kwa macho. Kwenye orodha ya trei andikeni mahali friji ilipo na nani ana ufunguo. Palipo na karbetosini isiyoharibiwa na joto, wafundishe kwamba hiyo ni ya kuzuia damu mtoto anapozaliwa, si ya kutibu damu iliyokwisha kuanza.

Zoezi la damu

Waite wote wa zamu, akiwemo mfagiaji, askari wa lango na dereva. Usiku wa manane askari ndiye atakayepiga simu, na mfagiaji ndiye atakayeshika taa; wasipofanya mazoezi, watasimama mlangoni wakitazama.

Mmoja wa wakunga alale kitandani awe mama. Kama mna kiigizo cha mpira kinachofungwa tumboni, chenye mfuko wa uzazi na tangi la damu, kitumieni. Kama hamna, kitenge kilichokunjwa kikafungwa chini ya kitovu kinatosha kufundishia kukanda. Mtandikie kaveera, yaani nailoni, na kitenge kikavu. Chini ya kitanda ficha chupa mbili za soda za kioo, zile za mililita 300, zikiwa na maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula. Mimina chupa moja yote kwenye kitenge, kisha kila mtu aandike kwenye karatasi yake, bila kuangalia ya jirani, mama amepoteza damu kiasi gani. Wengi wataandika nusu ya kilichomwagika, kwa maana kitenge hunywa damu na jicho likadanganyika. Waonyeshe ile chupa tupu. Sijapata kuona mchoro wala hotuba inayofundisha jambo hili haraka kuliko chupa ya soda.

Kisha eleza mipaka. Damu ikifika mililita 500 matibabu yaanze bila majadiliano. Na kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025, hata mililita 300 zinatosha kuanza endapo mapigo ya moyo yamepanda au shinikizo la damu limeshuka. Ni vyema kutumia kaveera maalumu lenye mistari ya vipimo. Kama halipo, pimeni vitambaa kwenye mizani kabla na baada, na kila gramu iliyoongezeka ihesabiwe kama mililita moja.

Matibabu yenyewe yafundishwe kama fungu moja, yaani vitu vinavyofanywa kwa pamoja, si kimoja kikingojewa kishindwe ndipo kingine kijaribiwe: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamu (dawa inayosaidia damu kuganda), dripu, na uchunguzi wa kondo la nyuma, michubuko na kibofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kwamba kupima damu kwa kaveera la vipimo na kutoa fungu hili mara moja kulipunguza matatizo makubwa ya damu kwa asilimia 60. Asidi ya traneksamu ni gramu 1 mshipani, polepole kwa dakika 10, na iwahi ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe. Ikipita hapo faida yake imekwisha. Damu ikiendelea baada ya nusu saa, dozi hurudiwa mara moja.

Kila anayefanya jambo alitangaze kwa sauti, na mwandishi wa zamu alirudie: "Nimechoma oksitosini uniti 10 kwenye paja, saa nane na dakika tano." Hapa pana mtego unaotuhusu sisi hasa. Kwa Kiswahili, na kwa Kiganda vilevile, saa nane ya usiku ni saa 2 kwenye uso wa saa, na niliwahi kuona faili ambamo dawa ilionekana kuchomwa muda wa saa sita baada ya mama kupelekwa rufaa. Kubalianeni kwamba mdomo utasema saa za kwetu, lakini kalamu itaandika 02:05 kwa mfumo wa saa 24.

Malizia zoezi kwa kuubana mfuko wa uzazi kwa mikono miwili, ngumi moja ndani na kiganja kingine juu ya tumbo, kila mtu kwa dakika mbili kamili. Watachoka, na ndiyo maana ya zoezi: waone kwamba hakuna anayeweza kubana peke yake mpaka gari la wagonjwa lifike, na kwamba ni lazima wapokezane.

Kifafa cha mimba: fundisha kuchanganya

Kila mkunga anajua kwamba dawa ni magnesiamu salfeti. Kinachowakwamisha ni hesabu, na woga. Wengi wamesikia kwamba dawa hii husimamisha pumzi, basi huchoma kidogo ili wasilaumiwe, kisha mama akashikwa tena njiani. Kwa hiyo wape kila mmoja bomba la sindano na maji yaliyoandikwa MAZOEZI kwa herufi kubwa, yasije yakachanganyika na dawa halisi, wachanganye kwa mikono yao.

Ampuli nyingi ni za asilimia 50, mililita 10 zikibeba gramu 5, ila ziko pia ndogo za mililita 2, hivyo kusoma lebo kwa sauti ni sehemu ya zoezi. Kwa sindano ya mshipani, vuta mililita 8 za dawa, ambazo ni gramu 4, ongeza mililita 12 za maji ya sindano zifike 20, uzichome polepole kwa muda usiopungua dakika 5. Mara baada ya hapo choma gramu 5 katika kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokaini ya asilimia 2 kupunguza maumivu. Jumla ni gramu 14, na dozi hiyo yote hutolewa daraja la tatu kabla gari halijaondoka. Gramu 5 hurudiwa kila baada ya saa 4, tako moja kisha lingine, lakini si kabla ya kuhakikisha mambo matatu: mama anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka likigongwa, na mkojo umefika walau mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Kalisiamu glukoneti gramu 1, ambayo huzimua magnesiamu ikizidi, ikae kwenye trei hiyohiyo. Mkunga anayeiona iko karibu huacha kuogopa.

Mengine

Zoezi la kichanga linahitaji mwanasesere, mfuko wa kupumulishia na saa yenye mshale wa sekunde. Akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipolia mfuko uwe umeanza kazi kabla dakika ya kwanza haijaisha, pumzi 40 hivi kwa dakika, macho yakiwa kifuani kuona kama kinainuka. Kisipoinuka, rekebisha kichwa na barakoa kwanza.

Kwa uchungu pingamizi, tumia chati za zamani za kufuatilia uchungu za kituo chenu mkizificha majina, na waulize wenzako ni saa ngapi wao wangeita gari. Kwa bega la mtoto lililokwama, miguu ya mama ikunjwe hadi tumboni na mtu mmoja asukume juu kidogo ya mfupa wa kinena. Anayekandamiza sehemu ya juu ya tumbo azuiwe palepale.

Rufaa nayo ifanyiwe zoezi. Piga simu kweli kwa kituo cha daraja la nne, ukiwa umewaarifu kwamba ni majaribio, uulize kama damu ipo na mtaalamu wa usingizi yupo. Na asisahauliwe mama mwenyewe. Katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali, mama aliyetoka Kongo huenda asijue Kinyankole wala Kiingereza, nasi Kiswahili tunacho: "Mama, damu inatoka nyingi. Tunakuchoma sindano, kisha tutakukanda tumbo, litauma kidogo." Anayeigiza mama aulizwe mwishoni kama aliambiwa lolote. Mara nyingi atasema hapana.

Ratiba

Toa siku moja ya mafunzo kwa wote, kisha robo saa kila wiki, mada moja tu, ikiongozwa na mkunga kinara aliyechaguliwa na wenzake. Mtindo huu wa dozi ndogo zinazorudiwa umekwisha kutumika katika vituo vya Uganda kwa mafunzo ya damu na ya kupumulisha vichanga. Walau zoezi moja kwa mwezi lifanyike usiku bila taarifa. Baada ya kila zoezi kaeni dakika tano, na anayeanza kusema awe mwenye cheo kidogo kuliko wote, kwa kuwa mkuu akishatoa neno lake wadogo hunyamaza.

Usiyapime mafunzo kwa idadi ya waliohudhuria. Pima dakika kutoka damu ilipozidi hadi sindano ya kwanza, kwa kusoma mafaili ya kweli. Mama akifariki, taarifa itolewe ndani ya saa 24 na kifo kijadiliwe ndani ya siku 7 bila kutafuta wa kulaumiwa, kama utaratibu wa wizara unavyotaka. Pale mnapokubaliana muda ulipotea, iwe ni ufunguo, simu isiyo na chaji au mkono uliosita, ndipo zoezi la Jumatatu inayofuata litakapoanzia, na liandikwe kwenye kitabu cha zamu kabla kikao hakijavunjika.