Video za jarida zipande zenyewe YouTube: njia ninayotumia hapa Moshi

Kila Alhamisi jioni nateremka kutoka Kibosho na video mbili tatu kwenye simu: mzee anapogoa mibuni, mama anaonyesha majani yaliyoshikwa na kutu. Ijumaa asubuhi jarida letu la barua pepe lazima liwafikie wakulima, na watoto wao walioko Dar na ughaibuni. Zamani nilipakia video moja moja, nanakili linki, nabandika kwenye jarida, na saa sita usiku bado niko macho. Siku hizi naitupia folda, inapanda yenyewe.

Kuiambatisha kwenye barua haifai. Gmail inabeba viambatisho visivyozidi MB 25, na video ya dakika moja ya simu nzuri inavuka hapo mara nyingi. Kwenye jarida weka picha yenye linki ya kwenda YouTube.

Anza na chaneli. Ithibitishe kwa namba ya simu. Usipofanya hivyo, video inayozidi dakika 15 haipandi, wala huwezi kuweka picha ya jalada uliyoitengeneza mwenyewe. Kisha ingia kwenye mipangilio ya chaneli nzima ujibu kama video zako zimetengenezwa kwa ajili ya watoto. Zetu za kahawa siyo.

Halafu fungua folda Google Drive. Yangu inaitwa TAYARI, na haiingii kitu ambacho sijakitazama mpaka mwisho. Ukishakuwa nayo, nenda Zapier, tovuti inayounganisha huduma moja na nyingine zifanye kazi zenyewe, uunganishe hatua mbili: faili jipya likiingia kwenye folda hii, lipakiwe YouTube. Kwenye nafasi ya kichwa cha video chagua jina la faili. Kwa hiyo badili jina ukiwa bado na simu mkononi, la sivyo wasomaji watakuta msururu wa tarakimu za kamera. YouTube inapokea herufi 100 kwenye kichwa, nyingi mno kwa "Kupogoa mibuni iliyozeeka, Kibosho".

Hapa pa kuipa Zapier ruhusa ya kupakia YouTube nenda polepole. Google itakuonyesha akaunti yako pamoja na chaneli zilizo chini yake, zimepangana. Mimi nilibonyeza ya juu bila kusoma. Video ya kupogoa ikatua kwenye chaneli yangu binafsi, katikati ya video za send-off ya mdogo wangu, na wakulima wakanipigia wakiuliza mbona kwenye chaneli yao hakuna kitu. Soma jina la chaneli, ndipo ukubali. Kisha jaribu kwa video ya sekunde kumi kabla ya kuweka ya kweli.

Kuna swali la nani aione. Ukichagua faragha, msomaji akibonyeza linki anagonga mwamba. Ukichagua hadharani, kosa lako limeshatoka kabla hujaamka. Chagua isiyoorodheshwa: mwenye linki anaiona, ila haitokei kwenye utafutaji wala kwenye ukurasa wa chaneli. Ukija kuiweka hadharani, linki haibadiliki, kwa hiyo jarida lililokwishatumwa halipati shida.

Hili nalisisitiza kwa sababu ya video moja ya Uru. Mama anaeleza vizuri kabisa jinsi ya kuanika kahawa, na nyuma yake mezani kuna karatasi ya malipo, jina na namba ya simu vinasomeka wazi. Mara ya kwanza macho yangu yalikuwa kwenye kahawa tu. Niliiona karatasi nilipoitazama tena kwenye kompyuta, ikiwa tayari imepanda. Kwa kuwa haikuwa imeorodheshwa na jarida lilikuwa bado halijatoka, niliifuta, nikakata kipande kile, nikapakia upya. Yule mama alinikaribisha kihambani kwake kwa imani, na namba yake haikunihusu kuisambaza.

Ukiwa na kijana anayejua kuandika programu, atakwambia Zapier ya nini. Anaweza kuandika programu yake ya kupakia, lakini mwambie mapema: mradi wowote wa programu ulioanzishwa baada ya tarehe 28 Julai 2020, kama YouTube haijaukagua, video zake zinafungiwa kwenye faragha.

Msaidizi wako akiondoka, ingia siku hiyo hiyo kwenye akaunti ya Google umtoe kwenye folda. Anayeweza kuweka faili TAYARI ndiye anayerusha video kwenye chaneli yenu.