Kufunga springi na shokapu mpya kwenye Land Cruiser pickup ya dizeli (79): anza na mizani, inchi baadae

Kama una Land Cruiser pickup ya 79, ile ya injini ya dizeli ya 1HZ, na unataka kuifunga springi mpya, kabla hujauliza bei wala itapanda inchi ngapi ipeleke kwenye mizani kwanza. Niko siriasi kabisa. Ipeleke ikiwa vile inavyosafiri, tenki full, keria juu, spea taya zote, madumu ya maji, boksi la spana, na watu wanaokaaga humo wakae. Wenye maghala ya mazao na wanunuzi wa vyuma chakavu wengi wana mizani, ukiongea nao vizuri wanakupimia. Pima tairi za mbele peke yake, halafu za nyuma peke yake, halafu gari nzima, andika namba zote tatu.

Maana watu hawajui gari zao zina uzito gani. Tenki la 79 ni lita 130, dizeli lita moja ni kama kilo 0.84, kwahiyo mafuta tu ni karibu kilo 110. Weka maji lita 60 hizo ni kilo 60 zingine. Bampa la chuma na winchi ukijumlisha vinaweza kufika kilo 100 na ushee, na vyote viko mbele kabisa ya ekseli ambako tayari 1HZ ya silinda sita imekaa, na hiyo injini ni nzito. Ndo maana koili za mbele (springi za kuzunguka) zinauzwa kwa madaraja, kuna za gari isiyo na bampa, za yenye bampa, na za yenye bampa na winchi, na ukimwambia muuzaji "nipe za 79" bila kumwambia ni dizeli gani na mbele umefunga nini atakupa alizonazo kwenye shelfu. Mpe na chasisi namba, kwasababu mwaka 2007 pickup za V8 zilipokuja mbele ilipanuliwa na vitu vingi vikabadilika, usibahatishe.

Tuelewane kwanza nani anafanya kazi gani. Springi ndo inabeba uzito, shokapu haibebi kitu, kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Gari ikilala nyuma ukabadilisha shokapu umepoteza hela, na gari ikidundadunda ukaongeza springi umeharibu zaidi. Hizi 79 toka zimetoka 1999 mbele zina koili na nyuma springi za pleti, zile za kabla yake, 75, zina pleti kote. Kwahiyo ninachoeleza hapa cha mbele hakiihusu 75.

Sasa kuna hii tabia ya kuongeza pleti. Gari ikilala nyuma fundi anatafuta pleti mbili za lori, anakata, anachomeka katikati, gari inanyanyuka na mwenye gari anafurahi. Jamani mimi hii inaniuma. Springi ikiwa ngumu kuliko mzigo haikunji, ule mshtuko wote wa shimo unaenda kwenye chasisi, kwenye vishikio vya springi, kwenye bodi, na ndo unaanza kuona nyufa nyuma ya kebini au kishikio cha shokapu kimekatika. Gari ikiwa tupu ndo balaa zaidi, nyuma inarukaruka, kona ya vumbi inahama yenyewe. Chukua springi iliyotengenezwa kwa mzigo wa kudumu ulionao kila siku, kampuni kama Old Man Emu, Dobinsons, Ironman na Tough Dog, zote za Australia, zinatoa nyuma kwa madaraja ya kilo, na wewe chukua uzito wa mizani ya nyuma ukiwa na mzigo, toa ule wa nyuma gari ikiwa tupu, hiyo tofauti ndo jibu lako. Kama mzigo unakuja na kuondoka, leo tupu kesho simenti, chagua daraja la katikati. Na lile bati la uzito wa mwisho wa gari liheshimu, springi mpya hazibadilishi ekseli wala breki.

Shokapu zichague kwa barabara unayopita. Ukipita ile ya vumbi kutoka geti la Lodoare pale Ngorongoro kwenda Naabi mpaka Seronera kule Serengeti, au ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, shida kubwa siyo mashimo, ni yale makunyanzi, vile vimawimbi vya barabara ya vumbi. Shokapu inaenda juu chini mfululizo bila kupumzika, oili ndani inachemka, inachanganyika na hewa inakuwa povu, na povu halizuii kitu, gari inaanza kuelea. Hapo unataka shokapu nene yenye oili nyingi, ya gesi ya naitrojeni au ile yenye sponji maalum ndani badala ya gesi. Za mtungi wa pembeni ni nzuri sana lakini kwa mtu wa shamba na mjini ni hela nyingi bure, bora hizo hela ununue bushi nzuri (zile raba za kwenye maungio).

Kwa urefu mimi nasema inchi mbili, basi. Zaidi ya hapo kila kitu kinaanza kudai hela: propela inakaa vibaya, hosi za breki zinavutika, na uzito uko juu kwenye gari ambayo tayari iko juu. Hata hizo inchi mbili zina madeni yake, ntayataja chini.

Kazi yenyewe. Siku moja kabla sugua bolti zote kwa brashi ya waya uzipulizie WD-40 au hata dizeli, zilale hivo. Pima kutoka katikati ya tairi mpaka ukingo wa mudigadi kona zote nne, andika. Anza nyuma. Legeza nati za tairi, weka kabari tairi za mbele, nyanyua, halafu stendi ziwekwe CHINI YA CHASISI, siyo chini ya ekseli, maana ekseli ndo unataka ishuke, na usimwachie mtu aingie chini gari ikiwa kwenye jeki tu. Jeki nyingine ishike difu. Toa shokapu, toa yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), shusha difu taratibu huku unaangalia hosi ya breki isivutike, halafu toa shakeli (kile kiungo kinachocheza cha mwisho wa springi) na pini ya mbele ya springi. Fanya upande mmoja umalize ndo uende wa pili, ekseli haihami.

Ukipandisha mpya hakikisha kichwa cha senta bolti, ile inayoshika pleti pamoja katikati, kimeingia kwenye tundu lake pale kwenye ekseli, kisipokaa sawa ekseli inakaa mshazari na gari itatembea kiupandeupande. Yubolti nunua mpya, za zamani zimeshavutika hazishiki tena. Kaza kwa kupishana, kona kwa kona, na toki renchi kwa namba ya kwenye kitabu. Bushi za raba zina siri moja ambayo gereji nyingi wanairuka: pini za shakeli usizikaze mwisho gari ikiwa hewani, zikaze ikiwa chini imesimama kwa uzito wake. Ukizikaza hewani raba inabaki imejipinda muda wote na itachanika mapema. Za poliyurethini zipake grisi yake nyingi.

Mbele ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Toa shokapu, fungua stabilaiza, fungua na ile fimbo inayovuka kutoka chasisi kwenda ekseli, panadi rodi, shusha ekseli na mara nyingi koili inatoka kwa mkono. Kama bado ina mkazo usiichokonoe na mtaimbo, shusha zaidi. Koili nyingine zina alama ya upande wa dereva na upande wa abiria, soma kabla hujafunga. Zile raba za juu za shokapu kaza mpaka zifikie upana wa washa yake, usizipondeponde.

Sasa madeni. Ukinyanyua mbele ekseli inazunguka kidogo na kasta (ule mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe) inapungua, usukani unakuwa mwepesi, gari inatangatanga kwenye lami na ukikata kona usukani haurudi wenyewe. Dawa ni bushi maalum za kurekebisha kasta, zinaingizwa kwa presi, halafu alaimenti. Ekseli ya mbele pia inasogea kidogo pembeni, panadi rodi ya kurekebishika inairudisha katikati. Nyuma, kwa zisizo na ABS, kuna valvu ya breki yenye fimbo inayosoma gari imelala kiasi gani, ukinyanyua inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma, wakati wewe una tani moja mgongoni. Hiyo ni hatari ya kweli, usiondoke gereji haijarekebishwa. Hosi za breki angalia ekseli ikiwa imening'inia kabisa, zikivutika weka ndefu. Na taa shusha, unawapofusha wenzako.

Baada ya kilomita kama 500 rudi ukaze yubolti tena, lazima zitalegea kidogo springi zinapojikalisha. Kwenye makunyanzi punguza upepo wa tairi kama sehemu moja ya tano na punguza mwendo, ukifika lami jaza. Na ukisimama baada ya kipande kirefu cha vumbi, sogeza mkono taratibu karibu na kila shokapu bila kuikamata, zitakuwa za moto sana. Ile ambayo iko baridi wakati wenzake zimechemka imekufa, haifanyi kazi, na ukiibadilisha badilisha na ya upande wa pili.