Chmod 444 hailindi faili lisifutwe

Wadau wa Linux, hii imenikuta juzi hapa Ngamiani kwa dogo mmoja mwenye duka, kaweka chmod 444 (amri ya kubadili ruhusa, hapo inabaki kusoma tu) kwenye faili lake la madeni akajua basi halifutiki tena, mdogo wake akapiga rm (amri ya kufuta), ikamuuliza kidogo, akajibu y, limekwenda na madeni ya watu wote (wadaiwa wamefurahi hao!). Iko hivi, folda kwenye Linux ni kama daftari la majina tu, kila jina na namba yake ya inodi (namba inayotambulisha faili lenyewe kwenye diski), na kufuta faili ni kufuta mstari kwenye daftari, kwa hiyo inayoangaliwa ni w (ruhusa ya kuandika) ya folda sio ya faili. Hata ruhusa ya x nayo hubadilika hivyohivyo, kwenye faili maana yake kuliendesha kama programu ila kwenye folda ni kupita ndani, ukiitoa, cd (amri ya kuingia folda) inagoma.

Angalia ruhusa kwa ls -ld halafu jina la folda, hiyo d usiisahau maana bila hiyo inakuonyesha vilivyomo ndani, kisha ipige folda yenyewe chmod 555 (kusoma na kupita tu, w haipo). Ruti (root, mtumiaji mkuu wa mfumo) lakini haimzuii, huyo anafuta anachotaka.