Panya flatini: anzia chini ya sinki

Ukikuta vinyesi vidogo vyeusi mfano wa punje za mchele nyuma ya jiko la gesi, usikimbilie sumu. Panya akishaila huenda kufia darini au nyuma ya kabati, na harufu utabaki nayo wewe. Kama kuna mtoto anayetambaa, ndiyo kabisa usithubutu.

Chuchumaa uangalie pale bomba la maji machafu linapoingia ukutani. Mafundi wetu hupenda kuacha uwazi hapo, na panya mdogo hupenya tundu la milimita 6 hivi, unene wa penseli. Shindilia waya wa kusugulia sufuria, juu yake piga saruji. Gazeti au sponji atatafuna tu.

Mtego uweke kando ya ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana ndiyo njia yake. Chambo ni siagi ya karanga kiasi cha kupaka, au dagaa aliyefungwa kwa uzi asinyakuliwe.

Vinyesi usivifagie vikavu. Vilowanishe kwa maji yenye jiki, subiri kidogo, ufute.

Mwenye nyumba mtumie meseji yenye picha. Waulize na majirani wa juu na chini: kama nao wanao, dai jengo zima lizibwe.