Kitu cha tatu kingekuwa na nguvu kiasi gani? Kupima uimara wa hitimisho la chanzo na matokeo

Tuchukue mfano wa kubuni wa hapa Goma. Umelinganisha kaya zinazotia klorini katika bidoni za maji ya Ziwa Kivu na kaya zisizotia, ukakuta kwamba uwiano wa hatari ya kuharisha (hatari ya wanaotia ikigawanywa kwa hatari ya wasiotia) ni 0.5, na mipaka yake ya asilimia 95, yaani upeo wa thamani zinazokubaliana na data, ni 0.31 na 0.80. Lakini hakuna kura iliyopigwa kuamua nani atie klorini. Kila kaya ilijichagulia.

Hatua ya kwanza, kabla ya hesabu yoyote, ni kukitaja kwa jina kitu cha tatu ambacho hukukipima, na ambacho huenda ndicho kinacholeta tofauti hiyo badala ya klorini. Hapa nachukua kunawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa kunaweza kuambatana na klorini na pia kupunguza kuharisha. Kinachogusa upande mmoja tu hakipotoshi uwiano.

Hatua ya pili ni thamani E, iliyopendekezwa na watafiti wa takwimu VanderWeele na Ding mwaka 2017: ni kipimo cha nguvu ambayo kitu cha tatu kingehitaji ili kiufute uhusiano. Uwiano ukiwa chini ya 1, gawanya 1 kwa uwiano huo: hapa unapata 2. Toa 1 katika 2 hiyo, zidisha kinachobaki kwa 2, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, yaani 1.41, kisha ongeza 2: jumla ni 3.41. Maana yake ni kwamba kitu kilichofichika, ili kiufute uhusiano wote peke yake, kingepaswa kuambatana na klorini kwa uwiano usiopungua 3.41 na vilevile na kuharisha, juu ya yale uliyokwisha kuyazingatia. Rudia hesabu kwa mpaka ulio karibu na 1, yaani 0.80, nawe utapata 1.81. Wengi huitangaza 3.41 na kuinyamazia 1.81, mimi huanza na hiyo ya pili.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoithamini zaidi. Tuseme sehemu ya wasionawa katika kaya zisizotia klorini ni mara 2 ya ile ya kaya za klorini, na asiyenawa ana hatari mara 3 ya anayenawa. Zidisha 2 kwa 3, upate 6; jumlisha 2 na 3 kisha utoe 1, upate 4; gawanya 6 kwa 4: unapata 1.5, ambao ndio upotoshaji mkubwa kabisa unaowezekana kwa nguvu hizo. Uwiano wa 0.5 unapanda hadi 0.75, bado chini ya 1, lakini mpaka wa 0.80 unafika 1.20. Kwa hiyo makadirio yanasimama, ila uhakika wake umeondoka.

Ili makisio hayo yasitoke hewani, ondoa katika modeli yako ya takwimu kitu ulichokipima, kwa mfano bomba la nyumbani, uone uwiano unasogea kiasi gani.

Hesabu hizi hazigusi kosa la upimaji. Mama anayeulizwa na mgeni mwenye daftari huenda akasema anatia klorini hata kama haitii, na hilo hujulikana kwa kupima klorini iliyobaki ndani ya bidoni yenyewe.